Mimi ni Simba, Lakini Daftari Lilitaka Yanga

Kwanza nikiri mapema kabla hujaniwahi: mimi ni Simba. Simba wa kuzaliwa, siyo wa kuhamia. Marehemu baba alinivalisha jezi nyekundu kabla sijaota meno, na picha ile mpaka leo ipo ukutani sebuleni kwa dada. Kwa hiyo mpenzi msomaji, ukiniona leo nimekaa kitako nawapima wachezaji wa Yanga mmoja baada ya mwingine, huyu lulu, yule kimeo, ujue yamenifika shingoni. Mwana Msimbazi hawasifii Wanajangwani kwa hiari yake.

Wachezaji wenyewe ni wale wa msimu wa 2023/24. Najua wengine wameshaondoka na msimu ule umebaki kumbukumbu. Lakini ndio msimu ulionifundisha kumpima mtu, na ada yake ilikuwa shilingi 10,000 pamoja na ndoo nzima ya samaki. Samaki? Ndiyo, samaki. Tulia nikusimulie.

KIJIWE NA KAUNTA BUKU

Kijiwe chetu kipo Mwenge, hatua chache kutoka soko la vinyago. Ukisikia tupa na patasi zinalia, umefika. Tulikuwa watu wanane: konda wa daladala, fundi simu, dereva wa bodaboda, vijana wawili wa Chuo, muuza kahawa mwenyewe, mchonga vinyago mmoja ambaye wote tunamwita Mzee ingawa hamsini hajaifikisha, na mimi. Ukiniuliza kazi yangu nitakuambia ni mwandishi. Ukimuuliza dada atakuambia, "Bado anatafuta."

Miaka yote tulikuwa tunacheza fantasi ya Waingereza kwenye simu. Siku moja Agosti 2023 fundi simu akauliza swali la maana: kwa nini tukeshe na timu za Manchester na London wakati ligi tunayo hapa hapa, na wachezaji wenyewe tunapishana nao Mlimani City? Basi tukanunua kaunta buku, tukaanzisha ya kwetu. Tukaiita drafti.

Siyo ile drafti ya vizibo vya soda, hapana. Hii ni ya kuchagua wachezaji kwa zamu. Mnakaa, mnapiga kura nani aanze, kila mtu anataja jina moja. Jina likishatajwa limekwenda, hakuna mwingine atakayeligusa. Wa mwisho kwenye raundi ya kwanza ndiye anayeanza raundi ya pili, ili asionewe. Kila mtu anaondoka na wachezaji 11 kutoka timu 16 za Ligi Kuu. Januari, dirisha dogo, ruksa kubadilisha wawili, na anayeburuza mkia ndiye anayeanza kuchagua.

Pointi tuliazima kwa Waingereza. Mchezaji akimaliza dakika 60 uwanjani anapata mbili. Bao la mshambuliaji ni nne, la kiungo tano, la beki sita. Pasi ya bao tatu. Kipa au beki ambaye timu yake haikufungwa anaongezewa nne, kiungo moja. Kadi ya njano unakatwa moja, nyekundu unakatwa tatu.

Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000 kwa kichwa. Siyo mkeka huu, tulijidanganya, huu ni mchezo wa akili. Mshindi achukue 60,000, wa pili 20,000, wengine wote wanywe kahawa wakalale.

Mimi sikuwa na 10,000. Nilichokuwa nacho mfukoni ni 10,000 ya dada, aliyonipa saa kumi jioni nikamnunulie LUKU.

Si unajua tena akili za kijana akiwa kijiweni. Nikajiambia, uniti bado zipo, kesho nitazungusha mahali nirudishe. Nikaitoa hela, nikaandikwa kwenye kaunta buku. Saa saba usiku umeme ukakata nyumbani kwetu peke yetu, majirani taa zinawaka.

Ndani ya friji kulikuwa na ndoo ya samaki wa kesho yake na juisi ya ukwaju ya kuuza. Dada ni mama lishe, anawapikia mafundi wa vinyago. Asubuhi alifungua friji, akanusa, akafunga. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Haya mdogo wangu, hao wachezaji wako ndio waje wapike leo."

Bora angenichapa.

USIKU WA KUCHAGUA

Turudi kwenye drafti yenyewe, maana hapo ndipo ujinga wangu wa pili ulipotokea.

Konda ndiye aliyepata namba moja. Yeye ni Yanga damu. Msimu uliotangulia, wa 2022/23, Fiston Mayele alikuwa ameifungia Yanga mabao 17 ya ligi, akagawana kiatu na Saidi Ntibazonkiza wa Simba, halafu akatimkia Pyramids ya Misri. Jangwani wakamleta Hafiz Konkoni kutoka Ghana. Konda hakufikiri mara mbili. "Anayesimama aliposimama Mayele atafunga kama Mayele," akasema. Akamtaja Konkoni.

Mimi nikawa namba mbili. Nilikuwa nimekula kiapo moyoni: mchezaji wa Yanga haingii kwenye daftari langu hata akinibembeleza. Nikamtaja Jean Baleke wa Simba. Zamu iliporudi nikaongeza Moses Phiri. Simba mbele, Simba katikati, Simba nyuma. Nilijiona mwanamume.

Fundi simu, namba tatu, akamtaja Stephane Aziz Ki. Watu wakaguna. Kiungo, mapema yote hiyo, washambuliaji wamejaa mezani? Akanyamaza, akaandika.

Lakini kicheko chenyewe kilikuja kwa Mzee, namba nane, ambaye kwa sheria yetu alikuwa na majina mawili mfululizo. Akamtaja Ibrahim Hamad "Bacca". Kisha Dickson Job. Mabeki wawili, mfululizo, wakati kina Clatous Chama bado hawajatajwa! Kijiwe kizima kikamcheka. Konda akamuuliza kama anajenga ukuta wa nyumba. Mzee akasema maneno machache tu: "Mpingo hauchaguliwi kwa ganda."

Kama hujakaa na wachonga vinyago nikufahamishe. Mti wa mpingo kwa nje ni mweupe tu, wa kawaida. Weusi ule wanaougombania watalii upo kwenye moyo wa mti. Asiyejua ataupita akatafute mti wenye umbo zuri.

NOVEMBA YA TABU

Mwanzo wa msimu nilitamba. Baleke alikuwa anacheka na nyavu, nami nacheka naye. Halafu ikafika Jumapili ya Novemba 5, 2023, uwanja wa Mkapa.

Sitaki kuisimulia sana, kidonda hakijapona. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, nikasema leo ndiyo leo. Kipindi cha pili ikawa mvua ya mawe. Max Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua penalti. Tano kwa moja. Kwenye kibanda umiza nilichokuwepo, mashabiki wa Simba tulitoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka msibani, tena wale wasiopewa chakula.

Nyumbani dada alikuwa jikoni, redio inawaka. Nimesahau kukuambia: dada ni Yanga. Picha ya baba na mimi tukiwa na jezi nyekundu anaifuta vumbi kila Ijumaa, lakini yeye ni Yanga. Hakunizomea. Akaniwekea chakula, akauliza, "Una Yanga wangapi kwenye daftari lako?"

"Hamna."

"Basi wewe huchezi fantasi. Wewe unacheza msiba."

Januari 2024 ndiyo ilinimaliza. Dirisha dogo likafunguliwa, Simba wakaachana na Baleke na Phiri kwa mpigo mmoja. Washambuliaji wangu wote wawili, puu! Kwenye kaunta buku nilikuwa wa nane kati ya wanane. Aliyekuwa mbele yangu kidogo ni konda, naye analia, maana Konkoni wake hakuwa Mayele, na dirisha hilo hilo naye akaonyeshwa mlango.

Usiku huo nikachukua kaunta buku, nikaenda kukaa jikoni na dada. Yeye anakata vitunguu, mimi nasoma majina. Hapo ndipo tulipoipima Yanga kwelikweli. Na kwa kuwa leo msimu ule najua ulivyoisha, nitakupa hesabu pamoja na mwisho wake.

WENYE KUSIMAMA NYUMA

Dada alianza na swali ambalo sisi wanaume wanane hatukuwahi kujiuliza: mshambuliaji akifunga bao moja akamaliza mechi, anapata ngapi? Nne za bao, mbili za kucheza. Sita. Na beki akimaliza mechi timu yake haijafungwa? Nne na mbili. Sita.

"Sasa," akasema, "mshambuliaji gani wa nchi hii anafunga kila wiki?"

Nikabaki mdomo wazi. Yanga ya Miguel Gamondi ilikuwa haifungwi ovyo. Msimu mzima wa mechi 30 ilipoteza mbili tu, kwa Ihefu Oktoba na kwa Azam Machi, ikatoka sare mbili, ikashinda 26. Pointi 80. Azam na Simba wakamaliza na 69 kila mmoja. Timu ya namna hiyo, beki anayepangwa kila wiki ni mshahara wa kila mwezi. Mshambuliaji ni kibarua cha siku.

Na mabeki wa Yanga hawakuwa wa kukaa nyuma tu. Bacca, kijana wa Zanzibar aliyetokea KMKM, kona ikipigwa anapanda na kichwa chake, na bao la beki ni pointi sita. Mwisho wa msimu akatwaa tuzo ya beki bora wa ligi. Yao Kouassi, Muivory wa kulia, alikuwa anapanda na kushuka kama daladala ya Mwenge na Posta, krosi zake zikimkuta mtu ni pointi tatu kibindoni. Dickson Job si mrefu, lakini anasoma mpira kabla haujafika.

Wote walikuwa kwa Mzee. Yule tuliyemcheka.

Kipa je? Muuza kahawa alikuwa amemchukua Djigui Diarra mapema sana, raundi ya pili. Diarra ni kipa wa haja, kipa wa taifa la Mali, anayecheza mpira kwa miguu kuliko viungo wengine. Lakini Mzee alisubiri mpaka raundi ya mwisho kabisa, wakati sisi tumeshachoka na kahawa imepoa, akamtaja Ley Matampi, Mkongo wa Coastal Union ya Tanga. Kipa bora wa msimu ule akawa nani? Matampi.

Hapo ndipo nilipoelewa siri ya drafti. Swali siyo nani bora. Swali ni hili: nikimwacha huyu sasa, atabaki nani wa kuziba nafasi yake baadaye? Ukimwacha Diarra, utampata Matampi raundi ya mwisho. Ukimwacha Aziz Ki, hutampata Aziz Ki mwingine mpaka kiama.

WENYE KUPIKA NA KUPAKUA

Huyo Aziz Ki sasa. Raia wa Burkina Faso, mguu wa kushoto, mipira ya adhabu, penalti zake. Oktoba 2023 Azam walimfunga Yanga mabao mawili, na yeye peke yake akawarudishia matatu. Alimaliza ligi na mabao 21, mfungaji bora, mchezaji bora. Aliyemfuata alikuwa Feisal Salum, ambaye Yanga walimpoteza akaenda Azam baada ya mvutano mrefu wa mkataba, naye akafunga 19.

Lakini angalia hesabu ya kaunta buku. Aziz Ki tuliandika kiungo. Mabao 21 mara tano ni pointi 105. Angeandikwa mshambuliaji, mabao yale yale yangekuwa 84. Pointi 21 za bure kwa sababu ya alipoandikwa! Fundi simu aliliona hilo Agosti, sisi tunamgunia.

Pacome Zouzoua alikuwa mtamu zaidi kumtazama. Februari 2024, siku Yanga walipocheza na CR Belouizdad ya Algeria, mashabiki walipaka vichwa rangi ya dhahabu kama yeye. Saluni za Mwenge zilijaa vijana, mpaka konda wetu akatokea kijiweni kichwa kama nanasi lililoiva. Yanga wakashinda nne bila. Lakini mechi ile ilikuwa ya Afrika, kaunta buku letu ni la ligi. Kichwa cha dhahabu, pointi sifuri. Na Machi Pacome akaumia. Anayekufurahisha siyo lazima akulipe, andika hiyo ukutani.

Max Nzengeli, Mkongo, ni kinyume chake. Hana mbwembwe, anakimbia tu. Ukigeuka yupo, ukiinama yupo. Viungo wa namna hii ndio wa raundi ya tatu, ya nne, wakati wengine wanagombania majina.

Na Mudathir Yahya, Mzanzibari mwingine, yule anayeshangilia kama mtu anayeongea na simu. Agosti hakuna aliyemchukua. Tulidhani ni mtu wa benchi. Septemba akawafunga Namungo bao pekee la mechi dakika za mwisho, na bado hatukushtuka.

KITI KIMOJA, WATU WANNE

Washambuliaji ndio mtego wenyewe. Alipoondoka Mayele, kiti chake hakikupata mtu mmoja. Musonda yupo, Konkoni yupo, kijana Clement Mzize yupo, Januari akaongezwa Joseph Guede kutoka Ivory Coast. Watu kiti kimoja. Leo huyu, kesho yule. Timu inafunga mabao mengi, lakini ukimshika mmoja wao unaweza kukaa wiki tatu unaandika sifuri.

"Mchukue Mudathir," dada akaniambia. "Halafu mchukue Daktari."

Daktari ni Khalid Aucho, Mganda wa kiungo cha chini. Nikacheka. Aucho hafungi, hatoi pasi za mwisho, na kadi za njano anazijua. Pointi mbili, tatu, basi.

Dada akaacha kisu. "Nyie mnahesabu anayepakua tu. Aliyewasha jiko mnamwandika wapi?"

Sikumjibu. Jikoni palikuwa na harufu ya vitunguu, na mimi nilikuwa nakumbuka harufu ya ile ndoo ya samaki.

Kesho yake kijiweni, kwa kuwa naburuza mkia, nikaanza kuchagua mimi. Moyo wa kishabiki huo, unapenda jina jipya. Nikamtaja Guede. Konda akanidaka hapo hapo: "Mudathir!" Zamu iliporudi nikaona haya kumrudia dada mikono mitupu. Nikamtaja Aucho. Kiapo cha baba kikavunjika mara mbili siku moja.

NILIPONYANYUKA

Aprili 20, 2024, Simba na Yanga tena. Nilikaa kibanda kile kile, benchi la Simba, jezi nyekundu kifuani. Aziz Ki akafunga kwa penalti. Nikainama. Kisha kabla ya mapumziko Guede akaupata, akafunga.

Bwana wee, nilinyanyuka.

Sikukusudia. Mwili ulinyanyuka wenyewe, mkono juu, "Guedeee!" Halafu nikasikia kimya cha benchi letu. Nikageuka. Watu wote wa Simba wananitazama kama wamemkuta mwizi wa kuku. Upande wa pili konda anacheka mpaka anadondosha kashata. Mshikaji mmoja niliyesoma naye, Simba mwenzangu tangu darasa la tano, akanyanyuka, akahamia benchi la nyuma. Hakusema kitu. Ilichukua wiki mbili kunipa mkono tena.

Mechi iliisha mbili kwa moja. Freddy Koublan alitufungia moja, nami hata kushangilia nikaogopa.

Nilirudi nyumbani najisikia vibaya, nikamweleza dada. Nilitegemea anicheke. Akaniambia, "Sikiliza. Kumpenda mtu na kumpima ni mambo mawili. Mimi naipenda Yanga, lakini ukiniuliza beki wao fulani mbovu nitakuambia mbovu. Wewe tatizo lako uliona kumpima ni kumsaliti baba." Akanyamaza kidogo. "Na mimi nakupenda. Lakini nikikupima na ile LUKU, bado una deni."

Palepale nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji. Deni la 10,000 na samaki nililimaliza kwa kuosha masufuria, asubuhi na jioni, mpaka ligi ikaisha.

MATOKEO NA MAREKEBISHO

Mzee alichukua 60,000. Fundi simu na Aziz Ki wake wakachukua 20,000. Mimi nilimaliza wa sita, na ukitaka kujua nani alinitoa mkiani, siyo Guede. Guede alinipa siku moja ya raha na wiki mbili za kununiwa. Ni Aucho, na mbili zake, na tatu zake, nilizokuwa naandika bila kuziangalia. Nilipojumlisha mwisho wa msimu ndipo nikaziona.

Kabla ya msimu wa 2024/25 nikapeleka hoja kijiweni: tuongeze pointi ya jasho. Kila wiki tupige kura, mchezaji mmoja aliyefanya kazi bila kufunga apewe mbili. Wakapinga, wakasema ni mapenzi, siyo hesabu. Mzee akaniunga mkono, ikapita. Na usitucheke: msimu wa 2025/26 Waingereza wenyewe kwenye fantasi yao wakaanza kutoa pointi mbili kwa mchezaji anayezuia na kukaba vya kutosha. Mwenge tuliwatangulia.

Marekebisho ya pili yalikuwa mwanachama wa tisa. Dada aliweka 10,000 yake mwenyewe mezani, akavuta kigoda. Jina lake la kwanza? Clement Mzize. Konda akamwambia, "Dada, mtoto huyo wa benchi." Dada akamwambia, "Andika." Msimu ule Mzize alifunga mabao 14 ya ligi, mawili tu nyuma ya mfungaji bora, Jean Charles Ahoua wa Simba. Ahoua alikuwa kwangu, na safari hii nilimchagua kwa hesabu, siyo kwa rangi ya jezi. Dada akawa wa pili, mimi wa tatu.

Msimu huo huo Simba wakaufanya uwanja wa KMC hapa Mwenge kuwa wa nyumbani. Siku za mechi dada anauza juisi ya ukwaju mpaka inaisha, na mbebaji wa ndoo ni mimi. Mayele huko Misri akaja kufunga kwenye fainali, Pyramids wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2025. Aziz Ki naye mwaka huo akaenda Wydad ya Morocco. Majina yanaondoka, kaunta buku inabaki.

Ukitaka kuanzisha drafti mtaani kwenu, chukua haya kutoka kwa aliyeungua: usimchague mtu kwa jezi aliyorithi, anza na anayepangwa kila wiki, kipa achia mwisho, na kabla ya kutaja jina jiulize nani atabaki ukimwacha. Halafu geuka nyuma uangalie nyumbani kwenu nani ni Aucho, ambaye hakuna anayemwandika popote.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na kama umetumwa LUKU, weka gazeti chini kwanza. Kanunue.